Juzuu ya mwisho iliyokataa kudanganya watoto

KILA mpenzi wa riwaya za mfululizo anaijua hofu ya juzuu ya mwisho. Ulisoma ya kwanza ukakosa usingizi. Ukasoma ya pili ukaimaliza kabla ya chakula cha jioni kuiva. Kisha ukangoja, mwaka baada ya mwaka, ukijiuliza: je, mwandishi huyu ataikamilisha safari aliyonianzishia, au ataniacha njiani?

Aghalabu wasomaji huachwa njiani. Waandishi wengi wa visa vya ajabu hujua kuanza, lakini kumaliza huwashinda. Waliokufa hufufuliwa, wapendanao hufungishwa ndoa haraka haraka, naye adui aliyetutisha kwa vitabu viwili huanguka ghafla kama embe bovu. Msomaji hufunga kitabu akihisi kwamba amepunjwa.

Leo, msomaji mpendwa, tuitazame juzuu moja ya mwisho ambayo haikumpunja mtu. Nayo ni The Amber Spyglass, yaani darubini ya kaharabu, ya mwandishi Mwingereza Philip Pullman. Ilitoka mwaka wa 2000 na kukamilisha vitabu vitatu vinavyojulikana kwa pamoja kama His Dark Materials.

Kama una kijana wa umri wa miaka 13 hivi nyumbani, au wewe mwenyewe ni mwanafunzi, kitabu hiki kinakuhusu. Isitoshe, katika maisha ya mwandishi wake kuna jambo linalotugusa sisi Wakenya, nalo tutalifikia. Ila tunakutahadharisha mapema: makala haya yanaeleza jinsi kisa kinavyoisha.

Roho inayotembea nje

Hebu kwanza tuwakumbushe wale ambao hawajakutana na mfululizo huu.

Kitabu cha kwanza, Northern Lights, kilichapishwa mwaka wa 1995. Marekani kinaitwa The Golden Compass. Mhusika mkuu ni Lyra Belacqua, msichana mtundu anayelelewa na wasomi katika chuo kimoja cha Oxford. Lakini hiyo si Oxford unayoiona kwenye ramani. Ni ya ulimwengu mwingine, unaofanana na wetu kwa mengi na kutofautiana nao kwa jambo moja kubwa.

Katika ulimwengu wa Lyra, roho ya mtu haikai ndani ya mwili. Hutembea kando yake ikiwa na umbo la mnyama anayezungumza. Hapa tutamwita mnyama huyo mwandani. Mwandani wa mtoto hubadilika kila mara: asubuhi nondo, mchana paka, jioni ndege. Mtoto anapopevuka, mwandani wake hutulia katika umbo moja na kubaki hivyo hadi kifo. Wa Lyra anaitwa Pantalaimon, au Pan kwa ufupi.

Katika kitabu cha pili, The Subtle Knife cha mwaka wa 1997, tunakutana na Will Parry, mvulana wa miaka 12 anayetoka katika Oxford yetu hii. Baba yake alipotea katika nchi za barafu, na mama yake ana ugonjwa wa akili. Will ndiye anayempikia na kumficha majirani wasije wakajua. Anapata kisu chenye makali ya ajabu, kinachoweza kukata hewa na kufungua dirisha la kuingilia ulimwengu mwingine.

Kuna jambo moja kuhusu Lyra ambalo ni lazima ulishike, maana juzuu ya mwisho imejengwa juu yake. Lyra ni mwongo hodari. Uongo wake humwokoa kila anaponaswa. Aliwahi hata kumlaghai mfalme wa dubu, na kwa ustadi huo akapewa jina lenye maana ya ulimi wa fedha. Msomaji humshangilia. Mtoto gani hajatamani kuwa na ulimi kama huo mbele ya mwalimu wa zamu?

Kuzimu hakuendwi na uongo

Sasa tuingie katika The Amber Spyglass.

Rafiki mkubwa wa Lyra, Roger, mtoto wa jikoni pale chuoni, aliuawa mwishoni mwa kitabu cha kwanza. Aliyemuua ni Lord Asriel, babake Lyra mwenyewe, na Lyra ndiye aliyempeleka Roger mikononi mwake bila kujua. Jambo hilo linamtesa. Roger humjia ndotoni. Hatimaye Lyra anaamua kwenda kuzimu kumwomba radhi.

Will anafungua njia kwa kisu chake. Wanafika kwenye ziwa lenye ukungu, na mwenye mashua anawaambia sharti: Pan hawezi kuvuka. Lyra anamwacha mwandani wake pwani, anatetemeka, anamlilia, naye Will anahisi maumivu yale yale ndani ya kifua chake. Ukilisoma fungu hilo ukiwa ndani ya matatu, uwe tayari kugeuza uso dirishani.

Ng'ambo wanakutana na walinzi wa kuzimu, mandege wa kutisha wenye nyuso za wanawake. Kazi yao ni kuwakumbusha wafu maovu yao usiku na mchana. Lyra anafanya kile anachokijua. Anatunga uongo wake mtamu: wazazi watukufu, watekaji nyara, mali na hatari. Mmoja wa mandege anamrukia akimwita mwongo na kumjeruhi kichwani. Ule ustadi uliomwokoa tangu kitabu cha kwanza umekwisha nguvu.

Baadaye, vivuli vya watoto waliokufa vinamsihi Lyra awasimulie habari za duniani. Safari hii anasema kweli. Anawaeleza vita vya matope alivyopigana na watoto wenzake wa Oxford, harufu ya mahali pale, ubaridi wa udongo, nani alimrushia nani. Hakuna malkia wala jambazi. Lyra anapoinua macho, wale mandege wamekaa kimya wakisikiliza.

Wanapoulizwa ni kwa nini hawakumrukia tena, wanajibu kwamba simulizi hiyo ni ya kweli na imewashibisha. Hapo mmoja wa wasafiri anapendekeza mapatano. Kuanzia sasa, kila anayekufa atawasimulia mandege habari za maisha yake, nao watamwongoza hadi kwenye mlango wa kutokea. Asiye na la kusimulia, au anayesema uongo, hatapita. Watoto wachanga pekee ndio wanaosamehewa.

Sisi Waswahili twasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Pullman anauliza swali gumu zaidi: je, katika kuishi kwako huko kwingi, umeangalia kitu chochote? Ukifika pale mlangoni ukaambiwa usimulie, utataja nini? Saa ulizokaa mbele ya runinga?

Will anakata dirisha, na vivuli vinaanza kutoka. Roger ndiye wa kwanza. Anatoka gizani, anacheka kwa mshangao, kisha anatawanyika katika hewa ya usiku na kuwa sehemu ya upepo, nyasi na nyota. Hafufuki. Mwandishi hakutupa faraja ya bei rahisi, na pengine ndiyo sababu faraja aliyotupa inadumu.

Rubani aliyekufa Kenya

Sasa tulifikie lile jambo tulilokuahidi.

Philip Pullman alizaliwa Norwich, Uingereza, mwezi wa Oktoba mwaka wa 1946. Baba yake alikuwa rubani katika jeshi la anga la nchi hiyo. Katika utoto wake Philip aliishi kwa muda katika nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe. Mwaka wa 1954, akiwa na umri wa miaka saba, baba yake alikufa katika ajali ya ndege hapa Kenya.

Msomaji, unaufahamu mwaka huo, kama si kwa macho basi kwa masimulizi ya wazee. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954 wanajeshi wa Uingereza waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, na maelfu ya watu wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Katika miaka hiyo ndege za kijeshi zilidondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walimokuwa wapiganaji wa Mau Mau.

Baada ya kufa, baba huyo alitunukiwa nishani. Mwanawe akakua akimwona kama shujaa aliyefia vitani, mwenye fahari na sare yake. Ni picha ambayo mtoto yeyote aliyefiwa angeikumbatia.

Zaidi ya nusu karne ikapita. Mnamo mwaka wa 2008 Pullman alionyeshwa tangazo la mwaka wa 1954 katika gazeti rasmi la serikali ya Uingereza. Lilieleza kwamba nishani ile ilitolewa kwa huduma katika operesheni dhidi ya Mau Mau nchini Kenya. Pullman hakulikwepa. Alikiri kwamba kwa mizani ya leo huenda baba yake hapati sifa kubwa, na kwamba habari hiyo iliitikisa kumbukumbu yake ya utotoni.

Angalia tarehe. Kitabu cha mandege wanaodai ukweli kilitoka mwaka wa 2000. Miaka minane baadaye, mwandishi akasimama mbele ya mandege wake mwenyewe.

Hatuwezi kusema kwamba aliandika haya kwa sababu ya baba yake. Lakini watazame akina baba walio ndani ya vitabu hivi. Lord Asriel ni jasiri, anasifiwa kote, na ndiye aliyemuua mtoto asiye na hatia ili afungue njia ya kwenda vitani. Babake Will anatafutwa kurasa nyingi, na anapopatikana anakufa mara tu mwanawe anapomtambua. Watoto hawa wanawapenda baba zao, lakini wanalazimika kuwajua jinsi walivyo.

Nasi tuna ya kwetu. Katika familia nyingi za Kenya kuna mzee ambaye habari zake za miaka ile husimuliwa nusu nusu. Huyu alikuwa msituni. Yule alikuwa homugadi. Mwingine alikula kiapo usiku na mchana akafanya kazi kwa mzungu. Mtoto akiuliza, huambiwa aende akacheze. Hakika kuna mambo yasiyofaa masikio machanga. Lakini mtoto huyo akifika umri wa miaka 15 na bado anaambiwa aende akacheze, siku moja atayasoma kwa mgeni.

Kwaheri bila ahadi

Tukirudi kitabuni, utakubali kwamba mwisho wake ndio unaowafanya wasomaji wasikisahau.

Kuna kitu kinachoitwa Vumbi, nacho si kile kinachokusanyika juu ya kabati. Ni chembechembe zinazohusiana na akili na fahamu ya viumbe. Mary Malone, mwanasayansi aliyewahi kuwa mtawa, anatengeneza darubini kwa utomvu wenye rangi ya kaharabu na kuliona Vumbi hilo likitiririka na kupotea. Miti inakufa kwa kulikosa. Ndiyo darubini iliyokipa kitabu jina.

Lyra na Will, baada ya hatari zote walizopitia bega kwa bega, wanagundua kwamba wanapendana. Vumbi linaacha kukimbia. Msomaji anashusha pumzi. Kitabu cha kawaida kingeishia hapo.

Ndipo malaika anapowaeleza bei. Kila dirisha lililokatwa kwa kisu huvujisha Vumbi, na kila mkato huzaa zimwi linalokula roho za watu wazima. Ni lazima yote yafungwe. Je, mmoja ahamie kwa mwenzake? Haiwezekani, kwani mtu akiishi nje ya ulimwengu wake hudhoofika na kufa baada ya miaka michache. Basi liachwe dirisha moja tu? Hilo linawezekana. Moja tu. Lakini wafu nao wanahitaji mlango wa kutokea.

Watoto hawa wawili, ambao ndio kwanza wanaijua ladha ya mapenzi, wanawaachia wafu dirisha hilo. Hakuna anayewalazimisha. Wanajua ukweli, na wakishaujua hawawezi kujifanya hawakuusikia.

Wanaagana katika bustani ya mimea ya Oxford, ambayo kwa kweli ipo na ilianzishwa mwaka wa 1621. Wanakubaliana kwamba mara moja kila mwaka, saa sita mchana katikati ya kiangazi, kila mmoja ataketi katika ulimwengu wake kwenye benchi ile ile. Kisha Will anamfikiria Lyra huku akikata, na kisu kinavunjika kisiweze kuungwa tena. Hakuna marefu yasiyo na ncha, walisema wahenga.

Wasomaji kutoka pembe nyingi za dunia wamekuwa wakienda kuitafuta benchi hiyo bustanini.

Sifa na lawama

Kitabu hiki kilifungua milango iliyokuwa imefungwa. Januari 2002 kilitangazwa mshindi wa tuzo kuu ya Whitbread ya mwaka wa 2001. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kitabu cha watoto kuvishinda vya watu wazima katika tuzo hiyo. Mwaka wa 2003, shirika la BBC lilipowauliza Waingereza riwaya waipendayo zaidi, His Dark Materials ilishika nafasi ya tatu.

Filamu ya kitabu cha kwanza ilitoka mwaka wa 2007 na haikuendelezwa. Vitabu vyote vitatu vilipata haki yao katika kipindi cha televisheni cha BBC na HBO kilichoonyeshwa kati ya mwaka wa 2019 na 2022. Pullman mwenyewe ameandika vitabu vingine kuhusu Lyra, kikiwemo The Rose Field cha mwaka wa 2025. Hata hivyo, ukiishia kwenye The Amber Spyglass utakuwa umepata kisa kilichokamilika.

Lakini mzazi, lazima tukwambie na upande wa pili, tusije tukafanana na Lyra kabla hajajeruhiwa.

Adui mkubwa katika vitabu hivi ni Kanisa la ulimwengu wa Lyra. Yule anayeabudiwa kama Mungu anaonyeshwa kuwa malaika wa kwanza, aliyewadanganya waliomfuata kwamba ndiye aliyewaumba. Tunamkuta akiwa mzee dhaifu, na upepo unampeperusha. Pullman hafichi kwamba yeye si muumini. Waumini wengi wamekerwa, na si ajabu. Mwaka wa 2008 mfululizo huu ulishika nafasi ya pili katika orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi kwenye maktaba za Marekani.

Hata hivyo, Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alikubali kuketi na Pullman jukwaani London mwaka wa 2004 wakajadiliana kwa heshima. Tena alipendekeza vitabu hivi vijadiliwe shuleni katika masomo ya dini. Kwa maoni yake, ni heri kijana akutane na maswali hayo mbele ya mtu wa kuyajadili naye.

Ushauri wetu ni huo huo. Kama nyumba yako ni ya Kikristo au ya Kiislamu, usimpe mwanao kitabu hiki kisha ukaenda zako. Zingatia haya:

Kwanza, msianzie juzuu ya mwisho. Aliyeruka vitabu viwili hataelewa kwa nini Lyra anakwenda kuzimu.

Pili, kisome wewe kwanza, au msome pamoja, sura kwa sura. Si kitabu chembamba, na kina vita, damu na vifo. Mapenzi yaliyomo hayazidi busu.

Tatu, mwachie kijana nafasi ya kukasirika. Wapo watakaokasirishwa na habari za malaika yule mwongo, na wapo watakaokasirishwa na kuagana kwa Lyra na Will. Muulize: wewe ungeliachia nani lile dirisha? Jibu lake litakufunza mengi kuhusu mtu unayeishi naye.

Kwa wanafunzi, msivunjike moyo kwa bei ya kitabu kipya dukani. Pitieni kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika jijini, au mwulize mkutubi wa maktaba iliyo karibu nawe.

Ukikisoma, utaona kwamba mwishoni Lyra hapati taji wala ndoa. Hata ule uwezo wake wa kukisoma chombo cha dhahabu kinachosema kweli, aliokuwa nao utotoni bila kufunzwa, unamtoka. Anaambiwa kwamba anaweza kuupata tena kwa kusoma miaka mingi, na kwamba uelewa utakaotokana na bidii utakuwa wa kina zaidi. Basi anakubali kwenda shule.

Nawe msomaji, leo ni Jumapili, na huenda jamaa watakutana kwa chakula. Kama yuko mzee mezani aliyekula chumvi nyingi, mwombe asimulie jambo moja aliloliona kwa macho yake, kisha mnyamaze wote mmsikilize. Na mtoto akiuliza swali gumu, safari hii asiambiwe aende akacheze.